Ravage yupi: wa 1984, Masterpiece au Siege? Jibu kabla ya Ijumaa

Chui_wa_Kaseti: Habari zenu wadau. Nataka Ravage, mwanasesere wa Transformers, yule chui wa Decepticon (kundi la maroboti wabaya) anayejikunja akawa kaseti. Nimebaki na watatu: wa 1984, MP-15 wa toleo la Masterpiece, au wa toleo la Siege wa 2019. Mwenye yule wa zamani ananishikia mpaka Ijumaa tu. Nichukue yupi?

FundiStika: Bajeti, mkuu? Na Soundwave, yule roboti-redio anayebeba kaseti hizi kifuani, unaye? Wa toleo gani? Bila hayo tutapiga ramli tu.

BintiTanga: Ni wa kabatini au watoto watamshika? Wangu walipoteza silaha zote wiki ya kwanza.

MzeeWaTepu: Wa 1984, sijadili. Kampuni ya Takara walimtengeneza Japani kwenye mfululizo wao wa Micro Change kabla Hasbro wa Marekani hawajampa jina la Ravage. Wajapani humwita Jaguar. Kwa ubavu ni chui kamili, kwa mbele ni biskuti.

BintiTanga: Shikamoo mzee. Biskuti ndiyo unamsifia?

MzeeWaTepu: Marahaba. Ni kaseti ile, ulitaka awe na kitambi?

FundiStika: MP-15 wamemnenepesha na bado anakunjika kaseti. Tena anakuja na Rumble, roboti mwingine wa kaseti. Wa Siege ni mdogo, anakuja na Laserbeak, yule ndege, na kaseti yake ni kipande tu cha mstatili.

KabatiLangu: Jihadhari na huyo wa "zamani". Mwaka jana nilipigwa. Muuzaji kaapa ni wa 1984, hajafunguliwa, picha safi. Nikalipa, nikangoja mwezi na nusu, nikalipia na ushuru. Kufungua, zile silaha za pembeni zinazopaswa kung'aa kwa kromu zimepuliziwa rangi ya fedha, ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Nikamkunja mara ya pili, mguu wa nyuma ukabaki mkononi. Halafu ana ile stika ya kusugua inayobadilika kwa joto la kidole. Stika hizo zimeanza 1985! Nilipomwandikia akaniambia "ubora ni ule ule", kisha kimya mpaka leo.

MzeeWaTepu: Pole sana. Ila stika peke yake haithibitishi ufeki. Ravage aliendelea kuuzwa 1985, wa awamu hiyo wanayo.

KabatiLangu: Basi asiandike 1984, mzee.

MzeeWaTepu: Hapo sibishi.

Popobawa77: Mnasema chui, mtoto wangu anasema duma. Mbona hana madoa?

BintiTanga: Si chui wala duma, ni jagwa, wa Amerika Kusini. Na weusi wana madoa, ukiwaweka juani unayaona.

FundiStika: Ravage juani humweki. Jasusi wa vivulini, udhaifu wake mwanga mkali.

Popobawa77: Kama paka wangu umeme ukirudi.

KabatiLangu: Turudi kwenye mada. Mwenye uzi yuko wapi?

Chui_wa_Kaseti: Samahani, nilikuwa kazini. Ni wa kabatini. Bajeti inasogea kidogo. Huyo wa zamani yuko peke yake, muuzaji anasema Rumble alishauzwa.

MzeeWaTepu: 1984 waliuzwa wawili pakiti moja. Basi akikwambia "hajafunguliwa", usimwamini. Omba picha ya silaha kwa karibu.

FundiStika: Na Soundwave? Hujajibu.

Chui_wa_Kaseti: Soundwave sina.

FundiStika: Sasa kaseti utaitia wapi?!

Chui_wa_Kaseti: Ndiyo nilitaka kufungua uzi mwingine. Soundwave yupi?

MzeeWaTepu: Wa 1984.