Shule ya kati ya serikali: niende na yenye namba kubwa au hii ya karibu na nyumbani?

mama_binti

Habari zenu wazazi wenzangu, hasa tulioko huku Marekani, naomba mnishauri maana nimelala na hili jambo wiki nzima. Binti yangu wa kwanza yuko gredi ya tano, mwezi wa nane anaingia shule ya kati (gredi ya sita hadi ya nane) na mimi mambo ya shule za kati siyajui kabisa, kwetu tulitoka darasa la saba tukaenda sekondari basi. Sasa distrikti, yaani ofisi inayosimamia shule za eneo letu, imetuma barua kwamba tuna mpaka mwisho wa mwezi huu kujaza fomu ya kuchagua. Zote ni za serikali, hakuna ada.

Ya kwanza ni ya zoni yetu, yaani ile ya mtaa tunaoishi, anatembea dakika kumi tu, ila kwenye ile websaiti ya kupima shule imepewa 4 kati ya 10. Ya pili iko ng'ambo ya mji, ina 9, wanapokea watoto wa nje ya zoni kama nafasi zipo. Ya tatu ni ya magneti, yaani shule ya serikali yenye mkazo wa somo fulani, hii ni ya sayansi, huko wanaingia kwa bahati nasibu. Baba yake amesema tisa ni tisa, hakuna mjadala. Mimi nafanya kazi usiku na narudi asubuhi nimechoka, tena mtoto bado yuko ESL (masomo ya Kiingereza kwa watoto wenye lugha nyingine), anaongea Kiingereza vizuri tu lakini kuandika bado anahangaika. Ni mpole, hana marafiki wengi, na naogopa kumpoteza kwenye shule kubwa. Nyie mlichaguaje? Mliangalia nini hasa?

baba_wa_wavulana

Pole dada, nakuelewa kabisa maana mi nilifanya hivyo hivyo, nikaangalia namba nikampeleka kijana wangu mkubwa kwenye shule ya mbali iliyosifiwa. Kitu ambacho sikuuliza ni basi. Kwetu ukichagua shule nje ya zoni yako usafiri mara nyingi ni juu yako mwenyewe, na hata pale basi lilipopatikana lilikuwa linapita kituoni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kengele saa moja na dakika ishirini. Mtoto wa miaka kumi na moja anaamka gizani kila siku, jioni anarudi hana nguvu ya kula wala ya kufanya homuwaki. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema tangu 2014 kwamba shule za kati na za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu miili ya watoto wa umri huu inachelewa kupata usingizi, na watoto wa miaka 6 hadi 12 wanatakiwa walale masaa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wangu alikuwa anapata saba akibahatika. Alafu marafiki wote wanaishi mbali naye, birthday hendi, klabu za baada ya masomo hakai kwa sababu basi la pili hakuna. Mwaka uliofuata nilimrudisha shule ya zoni na nikamwona mtoto wangu anarudi kuwa yeye.

Sisemi ya mbali ni mbaya dada yangu. Nasema kwanza uliza basi linapita saa ngapi na kama lipo la jioni.

msaidizi_wa_darasa

Mimi nimefanya kazi ya kusaidia walimu kwenye shule ya kati ya serikali kwa miaka sita sasa, niseme kidogo kuhusu hiyo namba maana inawachanganya wazazi wengi wa kwetu.

Namba kama hizo sehemu kubwa zinatoka kwenye matokeo ya mitihani ya jimbo. Na matokeo ya mitihani yanafuatana sana na kipato cha familia za eneo hilo, kwa hiyo mara nyingi ile namba inakuonyesha zaidi nani anaishi karibu na shule kuliko mwalimu anafanya nini darasani. Shule inaweza kupokea watoto walio nyuma miaka miwili ikawavuta mpaka wakakaribia wenzao, na bado ikapata 4. Nyingine inapokea watoto ambao wazazi wao wanalipia masomo ya ziada tangu chekechea, inapata 9 hata kama haiwaongezei kitu kikubwa. Ndo maana tafuta ripoti ya shule ya jimbo lenu, ile inayotakiwa na sheria ya elimu ya 2015, kila shule ya serikali lazima iwe nayo na iko wazi onlaini. Humo usiangalie tu asilimia ya waliofaulu, angalia wamepanda kiasi gani kwa mwaka, na angalia matokeo ya watoto wanaojifunza Kiingereza yakiwekwa peke yake yakoje, kwa sababu huyo ndiye mtoto wako. Ukikuta shule ya 9 ambayo watoto wa ESL hawasogei, hiyo 9 sio ya kwake. Angalia pia utoro, yaani watoto wangapi wanakosa siku kumi kati ya kila mia au zaidi. Utoro ukiwa juu sana kuna kitu hakiko sawa, iwe ni usalama, usafiri au watoto tu hawajisikii wako nyumbani.

Na hesabu!! Hii hamna mtu anawaambia wazazi wageni. Shule za kati nyingi zinawagawa watoto kwenye hesabu mapema, mwisho wa gredi ya tano au ya sita. Anayefika aljebra akiwa gredi ya nane anaweza kufika kalkulasi gredi ya kumi na mbili bila kurukia darasa wala kusoma likizo, na kwa mtoto anayetaka uinjinia hiyo inamsaidia sana. Nimeona watoto wenye akili sana ya hesabu wanawekwa kundi la chini kwa sababu tu Kiingereza chao hakijakamilika. Uliza shule zote tatu, "mnaamuaje nani aingie hesabu ya juu, na watoto wa ESL wangapi wamo?" Wakijibu bila kusita ni dalili nzuri. Wakianza kuzunguka, andika.

mtafsiri_wa_zamani

Naongezea hapo kwa ndugu msaidizi. Nimetafsiri Kiswahili kwenye mikutano mingi ya shule na kinachoniuma ni kuona mtoto anamtafsiria mama yake mambo yanayomhusu yeye mwenyewe. Mama binti, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwenye kikao cha kuchagua masomo omba mkalimani kama utajisikia huru zaidi. Shule inayopokea hela za serikali kuu inabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, bure, wala sio hisani wanayokufanyia. Na mahakama kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumweka mtoto asiyejua Kiingereza darasani bila msaada sio kumpa elimu sawa na wenzake. Kwa hiyo ESL ni haki yake popote utakapompeleka, zoni au ng'ambo.

Lakini kuna swali dogo ambalo lina uzito mkubwa shule ya kati: hicho kipindi cha ESL kinachukua nafasi ya kipindi gani? Kuna shule zinakiweka mahali pa muziki, sanaa au lugha nyingine, mtoto anakaa miaka mitatu hajawahi kushika hata ngoma. Kuna nyingine mwalimu wa ESL anaingia darasa la kawaida anafundisha pamoja na mwalimu wa somo. Hiyo ya pili mi naipenda zaidi kwa mtoto kama wako anayeongea vizuri na kilichobaki ni kuandika. Muulize pia mwalimu wake wa sasa amefikia alama gani kwenye kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila moja peke yake, kwa sababu huo mtihani wa Kiingereza anaufanya kila mwaka na huenda amebakiza kidogo tu atoke ESL.

baba_orkesta

Naomba nitofautiane kidogo na kaka hapo juu, tusimtie mwenzetu woga. Mwanangu alienda shule ya mbali ya namba kubwa na imemfaa. Alipata orkesta, alipata mashindano ya hesabu, na kukaa na watoto wanaosoma kulimfanya naye asome bila kusukumwa. Ila nikubali mke wangu alikuwa hafanyi kazi miaka ile, alikuwa anampeleka na kumchukua kila siku, na mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Kama tungekuwa sote wawili kazini nadhani isingewezekana. Kwa hiyo mume wako hajakosea kutaka kizuri kwa binti yake, cha kuangalia ni nani atabeba huo mzigo wa kila asubuhi.

Na ya magneti jaza tu dada, kujaza ni bure. Ila soma masharti ya distrikti yenu vizuri, je ukishinda una siku ngapi za kujibu, na je ukikubali, ile nafasi yako ya zoni inaondoka? Watu wamekosa kwa kuchelewa kujibu imeli iliyoingia kwenye junk.

dada_wa_kaunti

Nenda uzione kwa macho yako. Na usiende ile siku ya kukaribisha wazazi tu, siku ile kila kitu kimepakwa rangi. Omba kwenda siku ya kawaida, simama kwenye korido wakati kengele inalia watoto wanabadilisha vyumba. Shule ya kati hakuna mwalimu mmoja wa siku nzima, wanahama hama kila kipindi, na hapo kwenye korido na kantini ndipo watoto wanaonewa. Angalia kama walimu wametoka milangoni wanawasalimia kwa majina au wamejifungia ndani. Alafu uliza kaunsela mmoja, yaani mshauri wa wanafunzi, ana watoto wangapi. Chama chao kinashauri asizidi 250, shule nyingi zinapita hapo sana. Mtoto mpole asiyesema anahitaji mtu mzima hata mmoja anayemjua jina.

mama_binti

Wapendwa asanteni sana, yaani sikutegemea. Nimerudi kuwapa habari.

Juzi nilitoka kazini nikapitia shule ya zoni moja kwa moja, nilikuwa nimewapigia kabla. Nilisimama koridoni kama dada alivyosema. Kelele ipo, watoto ni watoto, lakini walimu walikuwa milangoni na kuna mmoja alimshika bega mtoto aliyekuwa analia akaenda naye pembeni, hakuna aliyemwambia afanye vile na hakujua namwangalia. Mwalimu wa ESL anaingia darasa la kawaida, sio kuwatoa. Kwenye ripoti ya jimbo waliofaulu ni wachache kweli ila watoto wa ESL wanapanda kuliko wa ile shule ya 9, nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea mstari. Kwenye hesabu ndo hawakunijibu vizuri. Walisema "inategemea", nikawauliza inategemea nini, wakasema nitapigiwa. Bado sijapigiwa, kesho napiga mimi.

Binti nilimuuliza mwenyewe anataka nini, sikuwahi kumuuliza kumbe. Akasema anataka shule ambayo atakuwa na mtu wa kukaa naye wakati wa kula, na jirani yetu wa ghorofa ya chini anaenda ya zoni.

Kwa hiyo magneti tumejaza, kwetu ukikosa bahati nasibu nafasi ya zoni haipotei, nimethibitisha kwa simu. Ile ya ng'ambo basi lipo la asubuhi tu, la jioni hamna. Nimemwambia baba yake, akanyamaza, alafu akasema anataka akaione mwenyewe kabla hatujafunga hiyo fomu. Anaenda alhamisi, ameomba ruhusa kazini, na nimemwandikia maswali yenu yote kwenye karatasi.