Naomba ushauri: amri za muda wakati shauri la talaka likiendelea

Ndugu zangu, naandika kutoka Tabora mjini, nikiomba ushauri kwa wenye uzoefu wa mashauri ya ndoa. Baraza la usuluhishi lilishindwa kutupatanisha, nami nikafungua shauri la talaka katika mahakama ya mwanzo, ambalo limekwisha kuahirishwa mara mbili. Tangu mwezi Machi mume wangu hatoi matumizi, na juzi asubuhi nilimkuta dalali akipima ua wetu kwa futi kamba, kuanzia kwenye mwembe hadi choo cha nje, ilhali nyumba hiyo tumeijenga pamoja, tofali kwa tofali, ingawa imeandikwa jina lake peke yake.

Ninafahamu kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na kwamba kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kuamuru matunzo ya mke hata kabla ya hukumu. Je, niombe matunzo na zuio la kuuza nyumba kwa pamoja, au kila moja kwa ombi lake? Na ofisi ya ardhi niende sasa, au nisubiri amri? Wanangu wawili wameanza kuniuliza tutahamia wapi.