Mliorudi kanisani baada ya muda mrefu, hii furaha mliipata pia?

Kijana_wa_Kaimosi (Nakuru)
Bwana asifiwe wapendwa. Nauliza wale walikaa nje ya kanisa miaka kadhaa alafu wakarudi. Mimi nimelelewa Friends, yaani kanisa la Quaker, huko Vihiga, si mnajua Kaimosi ndio wamishonari wa Quaker kutoka Marekani walianzia mwaka wa 1902, so kwetu kanisa unazaliwa unalikuta. Nikaja Nakuru kutafuta, nikapata kazi ya soja wa usiku, Jumapili asubuhi ndio natoka zamu, na hivyo kanisa likaniisha polepole bila kugombana na mtu. Juzi zamu ilibadilishwa nikaingia Friends ya huku nikakaa nyuma kabisa. Mama mmoja kando yangu hakuniuliza natoka wapi, alisogeza tu kitabu chake cha nyimbo kikawa katikati yetu akaweka kidole kwa ubeti wenye walikuwa wamefika, na mimi nikajipata naimba ile sauti ya chini babu alinifunza, maneno yote ninayo. Nilitembea mpaka nyumbani na nauli nilikuwa nayo mfukoni.

Sasa mbona furaha ni kubwa hivi na mahubiri hata sikumbuki yalihusu nini? Alafu nijiandikishe hapa ama nibaki mshirika wa nyumbani kwenye mamangu anaabudu?

Nyar_Kondele (Kisumu)
Tumsifu Yesu Kristu kaka, umenigusa sana. Mimi ni Mkatoliki na chenye kilinirudisha ni jumuiya ndogo ndogo. Misa ya parokia kubwa unaweza ingia na utoke bila mtu kujua ulikuwa, lakini jumuiya ni majirani wa plot, leo wanakutana kwa huyu wiki ijayo kwa yule, wanasoma Injili ya Jumapili inayokuja na ukikosa unaulizwa. Mtoto wangu alilazwa, hao watu wakakuja na sikuwa nimekanyaga kwao kitambo, mmoja ameleta chai kwa thamosi na mwingine akabeba nguo za mtoto akaenda kufua kwake bila hata kuniambia. Sasa ningebaki aje nyumbani? Nikaenda kitubio natetemeka, padre akanisikiza mpaka mwisho, akanipa malipizi, Jumapili nikapokea komunyo na nililia waziwazi. Chenye kilinifurahisha zaidi ni kwamba ubatizo haurudiwi, ule wa utotoni ulikuwa unanihesabia hiyo miaka yote nikiwa nje. Na kama kuna mtu anasoma hapa na ndoa yake haijafungwa kanisani, tafadhali nenda uongee na paroko, usikae mbali ukidhani umefukuzwa.

Mzee_Chavakali
Mulembe kijana wangu. Sisi Friends hatubatizi kwa maji wala hatuna ibada ya mkate na divai, kwa hivyo hakuna sherehe inakungoja. Ukishakaa na wenzako mkanyamaza pamoja mbele za Mungu, umerudi. Lakini jina lako liko kwa kitabu cha mkutano wa mwezi wa nyumbani, ndio unaoshika majina ya washirika. Kama Nakuru ndiko unaishi, mwone karani wa kwenu akuandikie barua ya uhamisho uipeleke kwa karani wa huko, usikuwe mtu wa katikati. Mimi kijana akirudi simpigii hotuba, namwambia njoo Jumamosi tupange viti, na akishapanga viti hakuna mtu atamwita mgeni tena.

Shosho_wa_Lanet
Mzee nakuheshimu lakini kwa hiyo barua mimi naona tofauti kidogo. Mimi ni ACK, yaani Anglikana, niko Nakuru tangu niolewe na nafanya kazi ya kanisa hapa, lakini kule Maseno bado wananiita kwa jina la msichana, na hiyo siwezi kuiachilia. Kijana asiharakishwe.

Kuhusu furaha, mjukuu wangu, soma Luka 15 yote usiruke. Kondoo, shilingi, mwana, angalia ni nani anafurahi kwanza. Ni mwenye kutafuta, na anaita majirani! Kwa hivyo hiyo furaha ulipewa na wenye walikuwa ndani, ndio maana hukuhitaji mahubiri. Juzi kwetu mnada baada ya ibada kulikuwa na jogoo, mtu akamnunua akamrudisha, akanadiwa tena akarudishwa tena, watu wanacheka mpaka machozi, mwisho akapewa mama mjane aliyekuwa amerudi kanisani wiki hiyo. Huyo mama alimkumbatia jogoo na kitenge chake kipya, manyoya kila mahali, na hakujali.

Kijana_wa_Kaimosi (Nakuru)
Asanteni sana wazee wangu na dada yangu wa Kondele, nimesoma yote nikiwa kazini. Shosho hiyo ya Luka sikuwa nimeiona hivyo. Barua nitaongea na mamangu kwanza ndio tumwone karani nikienda Desemba, lakini viti nitaanza kupanga Jumamosi hii.