Pesa umelipa, mzigo haujafika: udai au uvumilie?

Mleta mada

Naomba tuliongee hili bila kuoneana haya. Mtu amelipia bidhaa, siku ya ahadi imepita. Ana haki ya kudai pesa zake zote zirudi, au angoje tu kwa sababu "biashara ni ngumu"? Mimi nasema adai, ingawa najua hapa Kenya wengi mtaniona mkali.

Dada yangu alimtangulizia fundi wa viti shilingi 40,000 kati ya 65,000 amtengenezee kochi la kukalisha wageni wa ruracio, sherehe ya mahari. Wiki mbili, fundi akaapa. Zikaisha: mbao hazijakauka. Kisha stima imepotea. Kisha kijana wa kushona vitambaa ameenda ushago kwa mazishi. Wageni wakaja, wakaketi kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Dada alipofika karakana akakuta mbao za kochi lake hata hazijakatwa, na pembeni kochi la mteja mwingine linapigwa vanishi. Fundi mwenyewe, baada ya kubanwa, alikiri: zile 40,000 ndizo zilizomalizia lile kochi jingine, na la dada lilikuwa linangoja mteja mpya atoe pesa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri subira. Tunaongea kuhusu kuchelewa kana kwamba ni mvua, kumbe mara nyingi ndivyo biashara inavyoendeshwa: mteja wa nyuma anamlipia wa mbele. Ukitanguliza pesa umemkopesha muuzaji, bila riba, bila dhamana, na bila hata kuambiwa kwamba huo ni mkopo.

Na sheria ipo. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 inasema, kwa bidhaa unayolipia sasa upewe baadaye, siku 30 zikipita baada ya tarehe mliyopatana unaweza kuvunja mkataba. Soma vizuri lakini. Siku hizo zinaanza kwenye tarehe ya ahadi, si siku uliyolipa. Ukikubali tarehe mpya kwa maandishi, hesabu inaanza upya. Na zikishapita, ukakubali kupokea hivyo hivyo, haki hiyo ya kuvunja imekwenda. Ile meseji yetu ya upole, "Sawa fundi, nitangoja mwisho wa mwezi", inaweza kukugharimu.

Sheria ya Uingereza ya 2015 inaenda mbele kidogo: ukiwa ulimwambia muuzaji kabla ya kununua kwamba siku yenyewe ni muhimu, ikipita tu unaweza kukataa mzigo na kurudishiwa pesa. Nataka hilo hapa, liandikwe waziwazi. Kochi la ruracio likija baada ya ruracio ni la nini?

Mchangiaji, muuza vyombo

Mnaongea kama watu wasiowahi kuuza hata njugu. Mimi naagiza vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou. Nikishalipa kiwanda, hiyo pesa hairudi. Kontena linakaa baharini, linakaa bandarini Mombasa, KRA, watu wa ushuru, wakitaka kulifungua wanalifungua. Tangu vurugu za Bahari ya Shamu meli hazieleweki. Halafu nirudishe pesa kwa sababu mteja amechoka kungoja?

Tena jaribuni kuuza kwa "lipa ukipokea". Boda anafika mlangoni, simu ya mteja imezimwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni yangu. Kutanguliziwa pesa si tamaa, ni kujikinga.

Mchangiaji mwingine

Haki ni nzuri, ila fundi atakurudishia na nini? Pesa imeshakuwa mbao. Mimi huwa naenda kukaa pale karakana kila asubuhi mpaka anione kero.

Mleta mada

Ya boda nakubali, wateja wa namna hiyo wapo na wanatuharibia wengine. Mdai nauli ya boda mapema, sina neno.

Lakini Bahari ya Shamu, hapana. Meli ya kutoka kusini mwa China kuja Mombasa inapita Mlango wa Malaka na kukata Bahari ya Hindi. Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez haviko njiani. Ni kweli mashambulizi dhidi ya meli kwenye Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yalizifanya meli nyingi za Asia na Ulaya kuzunguka Afrika Kusini, na uhaba wa meli na makontena ukasambaa hadi njia nyingine. Basi kama unajua hivyo, kwa nini tangazo lako linasema siku 21? Andika 60. Atakayeweza kungoja atalipa, asiyeweza atanunua kwingine.

Kwa vitu vya kupimiwa nalegeza kidogo: fundi akate gharama ya kitambaa alichokwisha kata, mradi akionyeshe.

Wewe wa kukaa karakana, hizo asubuhi zako nazo ni pesa. Mahakama ya Madai Madogo ilianza 2021, inapokea madai hadi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Beba ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu ya WhatsApp, bila kufuta hata sauti alizokutumia akijitetea.

Mchangiaji mwingine

Na fundi akikataa kuandika tarehe? Wengi husema tu "usijali".

Mleta mada

Pasipo tarehe, siku 30 zinahesabiwa tangu siku mlipopatana, kwa hiyo kukataa kwake hakumsaidii. Ila usimngoje yeye. Mtumie wewe siku hiyo hiyo: "Nimetuma 40,000 ya kochi, umesema litakuwa tayari Jumamosi tarehe 14." Akijibu hata "sawa", hiyo itunze.