Naomba ushauri: naandika maisha ya babu na Azimio la Arusha, nimekwama

Mkorosho
Habari za usiku wakuu. Naombeni mawazo yenu, na ikiwezekana mapema, maana kijitabu kinaingia mtamboni Jumatatu.

Ukoo wetu unakutana mwezi ujao huko kusini, mara ya kwanza tangu babu atutoke. Wazee wamenikabidhi kazi ya kuandika maisha yake, kurasa ishirini hivi, kila kaya ipate nakala. Babu alikuwa katibu kata wa CCM mwaka 1974, kipindi watu wanahamishiwa vijijini. Nataka wajukuu waelewe jinsi wazo la ujamaa, lililopitishwa na kikao cha TANU Arusha, Januari 1967, lilivyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mkulima asiyejua kusoma, likambadilishia hata mahali pa kulala. Habari za shule, zahanati na kisima nimeshaandika na nimeridhika nazo.

Imebaki sura moja tu, na imenikosesha usingizi wiki mbili. Mtu akitenda jambo kwa kuwa aliliamini kwa moyo wake wote, tumhukumu sawa na aliyelitenda kwa tamaa? Na je, ni lazima kila kitu kiandikwe?

Kalamu Nyekundu
Mkuu, mada nzuri. Mimi nitagusa hapo kwenye kushuka ngazi kwa ngazi. Wazo halina miguu. Jan Hus alilikosoa kanisa, akachomwa moto Constance mwaka 1415. Luther akaja na hoja zake 95 mwaka 1517, na mengi aliyosema Hus alishayasema. Hus alinakiliwa kwa mkono, Luther alikuta mitambo ya kuchapa imeenea Ujerumani, maneno yake yakafika kabla hajakamatwa.

Kwetu mtambo ulikuwa redio na balozi wa nyumba kumi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio moja, kiongozi wa kikundi akisoma kijitabu, wakitoka hapo wanachimba vyoo. Bila yule kiongozi wa kikundi, redio ni kelele tu. Babu yako ndiye aliyekuwa kiungo hicho. Sura yako ianzie hapo.

Dada Tausi
Umenikumbusha bibi mzaa mama. Alijifunza kusoma kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima akiwa na wajukuu tayari. Daftari lilikuwa moja na alilionea huruma, hivyo mazoezi aliyafanyia kwenye ungo. Anatandaza unga, anaandika jina lake kwa kidole, anautikisa ungo, anaandika tena. Mpaka anafariki, barua za shangazi yangu alizisoma mwenyewe, mlango umefungwa, hataki mtu amsomee.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika mazuri. Watu wa leo hawajui tulikotoka. Usiwaharibie wazee siku yao.

Mtemi wa Mahame
Jamani tusikimbilie kushauri. Mleta mada, mwishoni umeuliza kama ni lazima kila kitu kiandikwe. Kitu gani hicho?

Mkorosho
Ni mambo ya kawaida ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini mkuu. Kila mtu anayajua. Mimi nilitaka zaidi ule upande wa imani na dhamiri.

Mtemi wa Mahame
Sisi tuliozaliwa huko tunajua mambo ya kawaida maana yake nini. Babu yako alichoma nyumba za watu?

Msomi wa Usiku
Wakati tunasubiri jibu, niweke kumbukumbu sawa. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kwenye andiko lake la Ujamaa Vijijini, alisema wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Tarehe 6 Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Mtu yule yule, wazo lile lile, miaka sita katikati.

Na kuna waliolitekeleza kwa hiari kabla ya amri. Ruvuma, Litowa na vijiji wenzake, walilima pamoja, wakaamua wenyewe kwenye vikao vyao, wakaendesha shule yao. Chama kikauvunja umoja wao Septemba 1969. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wazo lilikuwa na watoto wake halali, likawakana.

Iringa nako, siku ya Krismasi 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu alifuatana na mkulima Said Mwamwindi shambani Isimani. Wakabishana, Mwamwindi akampiga risasi, kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu na kujipeleka polisi. Alinyongwa. Baba yangu alikuwa shule ya msingi mkoa huo huo, anasema mwalimu aliingia darasani, akafuta ubao wote, akatoka bila kusema neno. Watoto walijua nyumbani.

Mkorosho
Sawa. Nitasema.

Babu aliacha sanduku la bati. Ndani kuna kadi yake ya chama, picha mbili na daftari. Kwenye daftari kuna orodha ya nyumba zilizochomwa kwenye kata yake, Agosti 1974, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nyumba 41. Kila namba ina jina la mwenye kaya na tarehe. Watu walikuwa wanahamishwa mchana, usiku wanarudi kwenye mihogo na mikorosho yao, ndipo ikaamriwa zichomwe ili wasiwe na pa kurudi.

Namba 17 ni jina la baba yake mama yangu. Mama alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kurasa nimeshazipeleka kwa mchapaji bila orodha. Nimeandika "uhamisho haukukosa changamoto". Kabla hamjanirukia, naomba mnielewe. Babu hakujipatia hata bati moja. Amekufa kwenye nyumba ya tope katika kijiji kile kile alichokipima kwa kamba. Baba na mama walikutana kwenye shule ya kijiji hicho. Bila operesheni mimi nisingekuwepo. Nafsi yangu inaniambia niiache ilivyo.

Mja Mwema
Iache. Marehemu tunatakiwa kuwataja kwa mema yao. Mungu amesitiri miaka yote hii, wewe unatafuta nini? Na kutunza ukoo ni ibada. Choma daftari uombe dua.

Mtemi wa Mahame
Achome tena? Si zilishachomwa 41?

Na hilo neno changamoto mkuu lifute. Nakuomba kama ndugu.

Mwana wa Songea
Nirudi kwenye swali la imani, maana kwetu tuna somo lake. Kabla ya Vita vya Maji Maji, mganga Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama, akawaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Yeye alinyongwa mapema, Agosti 1905, na vita vikaendelea mpaka 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ni watu 75,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu kilichoumaliza umma ni njaa baada ya mashamba na maghala kutiwa moto.

Lakini yale maji yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu ambao hakuna mfalme aliyewahi kuwaweka chini ya amri moja. Imani iliyokosea kuhusu risasi ilikuwa sahihi kuhusu umoja. Babu yangu mkuu alikunywa. Nyumbani hatumwiti mjinga wala hatusemi maji yalifanya kazi. Tunasema yote mawili, na watoto wanaelewa vizuri tu.

Fundi Saa
Wakuu samahani. Hii ni chai, hadithi ya kutunga, tena ina tangawizi.

Someni tena bandiko la kwanza: "katibu kata wa CCM mwaka 1974". CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana. Mwaka 1974 hakuna CCM popote. Halafu afisa gani wa serikali anaandika orodha ya nyumba alizochoma na kuiweka sandukuni? Halafu kwa bahati namba 17 ni babu mzaa mama! Mtunzi huyu anajaribu hadithi yake kwetu. Mkorosho, tupia picha ya daftari tuishie hapo.

Kalamu Nyekundu
Duh. Hilo la CCM sikuliona.

Dada Tausi
Na mimi nimeshamtaja bibi yangu humu.

Mkorosho
Fundi Saa uko sahihi kuhusu TANU, nimekosea. Nyumbani kwetu chama ni chama, babu alihama na kadi na sisi tumekua tukisema CCM kwa kila mwaka. Kadi iliyomo sandukuni ni ya TANU. Nashukuru, ningeichapa hivyo hivyo.

Picha siweki. Majina ni ya watu, na watoto wao wako hai. Ila nitawaelezea.

Ni daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Wino wa buluu, isipokuwa namba, ambazo alizitia kwa kalamu ya risasi, nadhani aliziongeza baadaye. Mistari ameichora kwa rula. Mbele ya kila jina kuna safu ya idadi ya watu, kisha safu ya "amepata kiwanja", na hapo ameweka alama ya vema. Saba hazina vema. Ukurasa wa kwanza kabisa amenakili ahadi za mwana-TANU. "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja" iko kawaida. "Cheo ni dhamana" ameipigia mstari mara mbili, mpaka karatasi imechanika kidogo.

Mwanzoni sikusema namba 1. Namba 1 ni nyumba ya mama yake mzazi. Watu 3, vema. Alianzia kwao.

Fundi Saa
Nimesoma mara mbili. Hizo saba zisizo na vema zimenifunga mdomo, mtunga chai asingezifikiria. Naondoa neno langu.

Msomi wa Usiku
Kama alianzia kwa mama yake, huyo alikuwa muumini kweli. Na mimi ndio maana naogopa. Mwizi ukimfokea anaweza kusita. Mtu aliyeteketeza kwa mama yake kwa ajili ya undugu wa binadamu, utamwambia nini akasita kwa jirani?

Mwana wa Songea
Au ndivyo alivyojilazimisha. Huenda alijua jirani atauliza, "na kwenu je?" Sisi hatukuwepo.

Mtemi wa Mahame
Mimi nina la kwangu. Jina langu humu si pambo. Sisi tulihamishwa kilomita kumi na mbili kutoka kwenye mikorosho yetu. Babu alikuwa anatembea kwenda kupalilia, akarudi amechoka, mwaka wa pili akaenda mara mbili tu, wa tatu pori likafunga. Watu wanasema korosho ziliuawa na ugonjwa wa ubwiri unga na bei mbovu, na ni kweli zilichangia. Ila mkorosho usiofikika, korosho zake haziokotwi. Nchi ilivuna karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74, na katikati ya miaka ya themanini ilikuwa chini ya 20,000.

Hata hivyo mimi nilisoma bure kwenye kijiji hicho, na zahanati ndiko alikozaliwa mdogo wangu salama baada ya mama kupoteza wawili kule mahameni. Nikiulizwa ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya naanza kutaja majina ya watu, jibu silifikii.

Mkorosho, hao saba wasio na vema, walilala wapi?

Mkorosho
Sijui.

Dada Tausi
Mdogo wangu, jana nilikuambia uandike mazuri. Leo nauliza, umemuuliza mama?

Mkorosho
Mama ana presha dada. Na baba bado anamsifu babu mezani, mama anasikiliza tu. Miaka yote hajawahi kusema kitu. Naogopa kumfungulia jeraha.

Dada Tausi
Bibi yangu alifunga mlango asome barua mwenyewe. Usimsomee mama yako maisha yake ukiwa umeruka mistari.

Mja Mwema
Msimamo wangu ni ule ule. Lakini kama utamuuliza, muulize baada ya chakula, asiwe na njaa.

Mkorosho
Nimerudi. Nimempigia mchapaji asimamishe, amekubali mpaka Alhamisi.

Kisha nikampigia mama. Nilianza kwa kuzunguka, akaniambia sema ulichopigia. Nikamwambia nimeona daftari na jina la baba yake limo. Akanyamaza kiasi nikadhani salio limekata. Akauliza, "Ameandika nyumba ngapi kwetu?" Nikamwambia moja, namba 17, watu 6.

Akasema hapana. Zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya bibi yake, ndogo, nyuma ya jiko, na bibi ndiye aliyegoma kutoka mpaka wakamtoa na kitanda chake. Walikuwa saba.

Akaniambia, "Kwenye kitabu chako andika mbili."

Mtemi wa Mahame
Na vema wanayo?

Mkorosho
Hawana.

Mtemi wa Mahame
Basi ukirudi huko umuulize walilala wapi.