Wachimba makaa ya mawe wa Wales walifuata nini vita ya Hispania?

Kijana wa Chumbageni
Wadau habari za saa hizi. Sisi wa Tanga tumekua tunasikia habari za vita ya 1914, Mjerumani na Muingereza wanapigana kwetu huku watu wetu wanabebeshwa mizigo kwa lazima. Sasa nimesoma kuna wachimba makaa ya mawe wa Wales waliacha familia zao wakaenda kupigana Hispania kwa hiari, na wala si jeshi la nchi yao. Walifuata nini jamani, hela?

Kuli Mstaafu
Hela ipi mdogo wangu. Mwaka 1926 wenye migodi walitaka kuwakata mshahara na kuwaongezea masaa, wakakataa, wakafungiwa nje miezi kama saba mpaka njaa ikawarudisha kazini. Baadaye ajira nazo zikapotea. Kwa hiyo 1936 Franco, jenerali wa jeshi la Hispania, alipoasi serikali iliyochaguliwa na wananchi, Hitler na Mussolini wakampa ndege na askari, hawa jamaa wakaona adui ni yuleyule. Na chama chao cha wafanyakazi wa migodi Wales Kusini kiliongozwa na Arthur Horner, mkomunisti kabisa. Makuli wa hapa Tanga waligoma 1939, mimi nimefanya kazi bandarini, hili naliona wazi.

Nyota ya Ngamiani
Naongezea kwa baba hapo juu. Walienda kwa kujificha maana Januari 1937 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kujiunga na vita ile ni kosa. Wanakata tiketi ya wikiendi ya Paris, ile haikutaka pasipoti, wanashuka kusini mwa Ufaransa halafu wanavuka milima ya Pyrenees usiku kwa miguu, wamevaa viatu vya turubai vyenye soli ya kamba ili walinzi wa mpakani wasiwasikie. Yaani mtu anapanda mlima usiku kucha kwenda kufa!

Mzigua Original
Sawa, ila wake na watoto je? Wengine mafunzo yenyewe kidogo tu, na vita wakashindwa 1939. Mimi hapo inaniuma.

Kuli Mstaafu
Inauma kweli, sibishi. Desemba 1938 pale Mountain Ash, mji wa huko Wales, waliwakumbuka watu wa Wales 33 waliokufa kule, Paul Robeson mwenyewe, yule mwimbaji Mmarekani mweusi, akaja kuwaimbia. Tom Jones wa Rhos, Wales, mmoja wa waliokwenda, alikamatwa kwenye mapigano ya mto Ebro kule Hispania 1938, kwao wakajua kafa, kumbe yuko jela ya Franco kahukumiwa kifo, ikageuzwa miaka 30, wakamwachia 1940. Aliporudi akaendelea na kazi ya chama cha wafanyakazi.