Hita za hoteli, mitambo miwili isiyoelewana: modeli ya kisemantiki inasaidia kweli?

Fundi_Uyole
Habari wakuu. Nasimamia umeme wa hoteli moja hapa Mbeya, jengo la zamani pamoja na bawa jipya. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Saa kumi na mbili asubuhi kila mgeni yuko bafuni, hita zinaingia zote kwa mpigo, na sisi tuko T2 (daraja la bei la TANESCO kwa watumiaji wakubwa): kilele cha kVA, yaani mzigo wa juu kabisa, kikipanda asubuhi moja tu, bili ya mwezi inakibeba. Nimeandika programu ya kuzipa hita zamu na inafanya kazi. Ila jengo la zamani linaongea Modbus, bawa jipya BACnet (lugha mbili tofauti za vifaa kuwasiliana), na majina ni vurugu tupu: "JOTO3" huku, "B2_TK_T" kule. Hita ikibadilishwa, nafungua programu kuhariri namba za rejista (anwani za data ndani ya kifaa). Nasikia watu wanasifia modeli za kisemantiki, yaani maelezo ya vifaa na mahusiano yake ambayo programu inaweza kuyasoma, na Brick, msamiati wa modeli hizo kwa majengo. Ni kitu cha fundi au ni mambo ya maprofesa?

Mnyalukolo
Kamwene mkuu. Ni cha fundi, ila usianze kwa kuandika jengo zima, hapo ndipo wengi huchoka. Anza na swali ambalo programu yako huuliza kila mara: "Nipe hita zinazowaka kwenye fezi iliyoelemewa (kati ya nyaya tatu za umeme), ambazo matenki yake yameshafika nyuzi 60." Swali hilo linataka ujue nini? Hita ipi inapasha tenki lipi, sensa ipi inapima tenki hilo, hita inakula fezi ipi. Basi. Mapazia na taa za korido achana nazo.

Kila jambo liandike kwa RDF, muundo wa data unaoandika mambo kama sentensi fupi: hita-7 inalisha tenki-4. JOTO3 inapima tenki-4. JOTO3 ni sensa ya joto la maji, inasomwa kwa Modbus, rejista kadhaa. Majina ya aina za vifaa na mahusiano usibuni, Brick inayo tayari (imetoka 2016, ni bure). Programu haitafuti tena "JOTO3", inauliza kwa SPARQL, lugha ya kuuliza data ya RDF, sensa ya tenki linalolishwa na hita hii. Hita ikibadilishwa unarekebisha sentensi mbili tatu, programu huigusi.

Halafu umepata mzigo mzuri wa kuchezea. Lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinakula kama uniti 9, yaani saa tatu hivi kwa hita ya kW 3. Pasha usiku wa manane, asubuhi hita inakaa kimya. Ila kikomo cha chini cha joto nacho kiandike kwenye modeli: maji ya vuguvugu yanayolala kwenye tenki ndiyo yanayofuga bakteria wa Legionella.

Parachichi_Njombe
Mie kwenye vyumba vya baridi natumia tagi za Haystack, lebo za kueleza kifaa ni nini. Nyepesi, unabandika tu. Ubaya wake, mafundi wawili wanaweza kubandika tagi tofauti kwenye kitu kilekile na kila mmoja akaona yuko sawa. Kwa hita kumi lakini, jamani, Excel inatosha.

Fundi_Uyole
Ni zaidi ya thelathini mkuu, na bawa jingine linajengwa. Kinachonikwamisha ni fezi. Aliyefunga hakuacha mchoro.

Mnyalukolo
Excel si adui, jaza humo kwanza kisha uigeuze kuwa RDF kwa skripti ndogo. Fezi hakuna njia ya mkato: mchana wageni wakitoka, fungua DB (boksi la kugawia umeme), washa hita moja moja na clamp mita (ya kupima mkondo wa waya) mkononi, andika. Ukimaliza, weka kanuni ya SHACL (lugha ya kukagua data ya RDF) kwamba kila hita lazima iwe na fezi, tenki na sensa. Itakutajia zilizosahaulika kabla programu haijazima kitu, na bawa jipya likikabidhiwa unalipitisha hapohapo.